Mkono wa Kulia wa Trekta

Trekta la kaka yangu lilifika Butembo Jumanne jioni, na nililisikia kabla sijaliona. Lilikuwa likipanda upande wa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, likikohoa na kunyamaza, likikohoa na kunyamaza, mpaka majirani wakatoka nje kuangalia. Lilikuwa limekula siku nzima kutoka Beni. Kaka alishuka akiwa mwekundu wa vumbi hadi kwenye kope, akaegemea tairi la nyuma, na hata kwa salamu hakuanza.

"Petit, nimekuletea mugonjwa."

Nilikuwa nimechoka siku hiyo. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila nikikumbuka habari hii, kitu cha kwanza kinachonirudia ni uchovu. Nina miaka thelathini katika kazi ya kulehemu vyuma, kusude kama tunavyosema kwetu. Magoti yanalalamika, macho yanatoa machozi bila msiba, na mkono wangu wa kazi hutetemeka kidogo kila asubuhi mpaka upate chai. Nikiingia nyumbani mwa watu sioni viti wala picha ukutani. Naona bawaba za mlango, naona mahali fundi alipofanya haraka. Mke wangu anasema huo si ufundi, ni ukorofi. Labda ana haki.

Lakini kaka yangu si mteja. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa bado navaa kaptula ya shule, na yeye ndiye aliyeacha masomo akaanza kubeba magunia sokoni ili mimi niingie shule ya ufundi ya misheni. Kofia yangu ya kwanza ya kulehemu aliinunua yeye. Mpaka leo namwita yaya, yaani kaka mkubwa, na akiniita petit, mdogo, mbele ya wateja wangu wenye mvi, naitika.

Trekta lile alilipata kutoka shamba la kahawa lililokufa, miaka mingi iliyopita, wakati hata vijana wa shamba lile walikuwa tayari wakiliita mzee. Siku familia yake ilipolazimika kuhama kijiji chao, kule mbele ya Oicha, nyumba ilibaki, mbuzi walibaki, na miti ya kakao iliyokuwa inaanza tu kuzaa ilibaki. Walitoka na trekta na vitu vilivyoweza kuenea kwenye trela. Tangu hapo wanaishi pembeni mwa Beni, wanalima mashamba ya kukodi, na trekta ndilo linalowalisha.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Pale wanapolima sasa, barabara ya kutoka mashambani hadi barabara kubwa ilikuwa imekufa kwa mvua. Pikipiki hazikuingia tena. Kakao ilikuwa inaota ukungu ndani ya nyumba, na akina mama walikuwa wanaibeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, mwendo wa saa mbili katika matope. Kikundi chao cha wakulima kikaamua kuifungua barabara wenyewe. Walipata greda bovu lililoachwa porini, wakaomba ruhusa, wakakata lile bamba lake zito la kuparuza udongo. Kilichobaki kilikuwa kulifunga nyuma ya trekta la kaka.

Bamba hakulileta. Alichomoa mfukoni kamba yenye mafundo: hapa mpaka hapa ni urefu wa bamba, hapa mpaka hapa ni nafasi kati ya masikio yake mawili, na hiki kipande kidogo ni upana wa tundu.

"Na uzito, yaya?"

"Banaume munane banaibeba kutoka kanisa mpaka kwangu, na banapumuzika mara mbili."

Hiyo ndiyo mizani tuliyokuwa nayo, na kwangu ilitosha. Kutoka kanisa lao hadi kwake si mbali. Kama wanaume wanane wa kijijini wanapumzika mara mbili hapo, mzigo si wa mchezo.

Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu ya kushikia jembe. Miwili ya chini, kulia na kushoto, ndiyo inayobeba na kuvuta. Wa tatu uko juu katikati, unazuia jembe lisipinduke. Mikono ya chini ya trekta la kaka ilitengenezwa kwa jembe dogo. Ilikuwa myembamba, imelika kwenye matundu, na pini zake zilikuwa nene kama kidole gumba, wakati masikio ya bamba yalitaka pini nene kama shingo ya chupa. Ukining'iniza mzigo ule pale, mikono ingepinda siku ya kwanza.

Nilihitaji chuma kinene, na kwetu chuma kinene maana yake ni springi ya lori, ressort, kwa sababu malori yanakufa kila siku katika njia zetu na springi zao haziozi. Nilikata mabapa manne, nikayalaza mawili mawili, moja kila ubavu wa mkono, kama mtu anavyofunga vijiti kwenye mguu uliovunjika. Kwenye ncha nikaweka kichwa kipya chenye tundu kubwa. Pini nikazichonga kutoka ekseli ya gari. Na kwa kuwa mzigo mzito wa nyuma huinua magurudumu ya mbele, na trekta lililoinuka mbele halitii usukani, nilitengeneza kikapu cha vyuma nikakifunga mbele ya pua, tukatia humo injini mbovu ya gari ili kulikandamiza chini. Nilikipenda kikapu kile. Ni kitu pekee katika kazi ile ambacho sijawahi kukijutia.

Sasa, springi ina tabia yake. Ni chuma chenye hasira. Ukikilehemu kikiwa baridi, au ukikipoza haraka, pale penye kiungo kinakuwa kigumu kama kioo, na kama kioo kinavunjika. Lazima ukipashe moto kwanza, na ukimaliza ukifukie kwenye jivu kipoe polepole mpaka kesho yake. Hilo nililijua tangu shule ya misheni. Nalisema hapa ili mtu asije akadhani sikujua.

Mkono wa kushoto niliumaliza Jumatano nikaufukia kwenye jivu la jikoni, kama inavyotakiwa. Alhamisi umeme ulikatika asubuhi ukarudi alasiri, nami nikakaa juu ya tairi kuukuu nikiutukana mti wa nyaya ulio mbele ya karakana, ambao haukuwa na kosa lolote. Kwa hiyo mkono wa kulia ulimalizika jua likiwa limeshainama. Nilizima mashine, nikavua kofia, nikaita jivu liletwe.

"Jivu ya nini?" kaka akauliza. Mkononi alikuwa na mkebe wa rangi ya bluu.

Hapo lazima nieleze desturi yetu. Kwetu, chombo kipya cha shamba hakianzi kazi bila kuombewa. Mama yetu alikuwa akisugua majembe kwa mchanga mpaka yang'ae kabla ya kuyapeleka kanisani pamoja na mbegu, mwanzo wa msimu. Jembe chafu kanisani kwake lilikuwa aibu kuliko mtoto mchafu. Na maombi ya trekta yalikuwa yamepangwa Jumamosi asubuhi, pasta na kikundi chote wakiwepo, ili Jumatatu kazi ianze. Trekta lilihitaji Ijumaa nzima kurudi Beni. Kwa hiyo lilipaswa kuondoka alfajiri, na kwa kaka lilipaswa kuondoka likiwa limepakwa rangi. Nayo rangi haishiki kwenye chuma cha moto.

"Yaya, hii hapana pakwa leo. Inapaswa kulala mu majivu."

"Ilale mu majivu, na kesho niende nayo nusu bluu, nusu kutu? Batu bote bananingoya."

"Utapaka kule Beni."

Aliutazama mkebe wake. Alikuwa amenyoa ndevu asubuhi ile, nakumbuka, kama mtu anayejiandaa kwa arusi.

"Petit," akasema, "tangu tulitoka kule kwetu, sijafika mahali na kitu kizuri hata siku moja. Niache nifike nayo nzuri."

Mteja ningemfukuza. Mteja ningemwambia achukue trekta lake akalehemu kwa shoka. Lakini yule alikuwa mtu aliyebeba magunia ili mimi nijue tofauti kati ya chuma na chuma, na kwa sababu hiyohiyo nikashindwa kumwambia tofauti hiyo. Nikainua mabega. Akachukua ndoo mwenyewe akamwaga maji.

Mvuke ulipanda ukatufunika wote wawili. Na ndani ya mvuke ule nikasikia: tik. Sauti ndogo tu, kama ukucha unaogonga kikombe.

Nilijiambia ni ganda la kulehemu linaloanguka. Ganda likianguka hutoa sauti, ni kweli, lakini si ile, na nilijua si ile. Nikamtazama kaka. Alikuwa ameinama akifungua mkebe wa rangi kwa bisibisi yangu, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Nikanyamaza. Ncha ya bapa iliyozidi, yenye kipande kidogo cha kiungo kilekile, niliikata nikaitupa kwenye kona ya karakana, nikaenda kunawa mikono.

Ijumaa alfajiri aliondoka, bluu tupu, akipunga mkono kama mbunge. Jumamosi alinipigia simu nikasikia vigelegele nyuma yake. Pasta alikuwa ameweka mkono juu ya usukani, akaomba kwa Kiswahili na kwa Kinande, na mama mmoja mzee alikuwa ameigusa rangi akasema ni laini kama bakuli. "Wasingya, petit, wasingya," kaka akarudia, asante, asante. Nami nilisema maneno yanayosemwa, kisha nikaweka simu mezani na chakula kikanishinda. Mke wangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia ni macho.

Jumatano iliyofuata, asubuhi, nilikuwa natafuta kitu cha kuzuia mlango wa karakana usipigwe na upepo. Nikaiona ile ncha kwenye kona. Niliiokota ikaniponyoka, ikaanguka juu ya simenti, na ikawa vipande viwili. Haikupinda hata kidogo. Ilikatika kando ya kiungo, safi kabisa, na ndani yake ilikuwa inameremeta chembechembe kama sukari.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Barabara ile ya mashambani inapita ubavuni mwa kilima, na chini yake kuna bonde lenye kijito. Mkono mmoja ukikatika bamba likiwa limechimba udongo, bamba linabaki limeshikwa upande mmoja tu. Linayumba, linaingia chini ya tairi, na trekta linapinduka kuelekea bondeni. Trekta lile halina paa wala chuma chochote cha kumkinga dereva. Niliwahi kuona trekta lililopinduka, nikaitwa kulikata ili watu watolewe. Sitaki kueleza zaidi.

Nikapiga simu. Akaitika shemeji, mke wa kaka.

"Iko mu kazi tangu asubui," akasema. "Simu anaachaka kwa nyumba. Balishafika kwenye kilima. Shemeji, kazi iko nzuri sana, lakini anarudiaka na magoti ya kuvimba, na ukimuuliza ju ya nini, hapana sema."

Ningeweza kumwambia akimbie akamsimamishe. Maneno yalifika hadi kwenye meno yakarudi. Niliona aibu, hiyo ndiyo kweli, aibu ya kukiri kwa mwanamke yule kwenye simu kwamba mume wake amekalia kosa langu. Nikamwambia niko njiani nakuja kuwasalimu. Nikavaa viatu, nikatia kwenye mfuko kofia ya kulehemu, vijiti vyangu vizuri vya kulehemia, na vile vipande viwili, na nikapanda gari la kwanza la Beni.

Njia ile nimeipita mara nyingi kiasi kwamba siioni tena. Siku hiyo niliona kila kizuizi, kila askari aliyetaka kuona kitambulisho changu na kukisoma kama barua ya mapenzi. Tuliposhuka kuelekea Beni joto likaingia dirishani, nikavua koti, na bado nikahisi baridi. Kule nikachukua pikipiki, na pale ambapo barabara mpya ilianzia nikamwambia dereva aongeze mwendo. Ilikuwa barabara nzuri. Hilo liliniuma zaidi. Ilikuwa imenyooka, mifereji pande zote mbili, na akina mama wawili walikuwa wakipita juu yake na mizigo yao bila kutazama miguu.

Nilimwona kaka kwa mbali, ubavuni mwa kilima. Alikuwa anaendesha amesimama wima, mikono kwenye usukani, kama mhubiri. Hata katika hofu yangu nikacheka moyoni: mzee anataka dunia yote imwone. Nikaanza kukimbia, kama mtu wa umri wangu anavyoweza kukimbia, nikipunga kofia. Akaniona, akazima mashine.

Kabla ya kumsalimu nilikwenda nyuma. Mkono wa kushoto ulikuwa bluu na matope, safi. Mkono wa kulia ulikuwa umeviringishwa vipande vya mpira wa baiskeli, kutoka kichwani hadi katikati, umekazwa vizuri.

"Hii nini, yaya?"

"Ni ju ya matope. Matope isiingie."

Watu wa kikundi walikuwa wamekusanyika, majembe mabegani, wakinisalimu fundi, fundi, wakinishukuru. Nikaona nikichelewa dakika moja zaidi sitasema kamwe. Nikatoa vile vipande mfukoni.

"Musinishukuru," nikasema. "Ule mukono wa kuume nilisude mubaya. Niliupoza na maji, na haikupaswa. Utakatika. Trekta isitembee tena mpaka niukate niusude upya."

Kaka akaruka chini haraka, akacheka kicheko kikubwa, akanishika bega.

"Anachoka huyu, ni safari," akawaambia. "Mukono iko vizuri. Inafanya kazi siku tatu."

Mkubwa wa kikundi alikuwa mama mmoja shemasi, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Hakucheka. Aliviangalia vipande vyangu, akaangalia trekta.

"Papa fundi," akasema, "ile kitu ilisha kuombewa. Sisi bote tulikuwa pale. Utakata na msumeno kitu pasta aliweka mukono? Kama ilikuwa na mubaya, ungesema mbele ya maombi."

Alikuwa na haki kuhusu hilo la mwisho, na ndiyo maana nilikasirika.

"Mama, Mungu hakusude ule mukono. Ni mimi."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mama akarudi nyuma hatua moja. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba maombi yakikatwa, bahati nayo inakatwa. Kaka akaniambia kwa sauti ya chini, ile sauti aliyokuwa akiitumia nikiwa mtoto, "Kuya huku," akanivuta hadi kwenye daraja dogo la magogo, mbali kidogo na watu. Alikuwa na mihogo ya kuchemsha ndani ya jani la mgomba. Akanimegea.

"Jumatatu, saa ine," akasema, "nikaona mustari. Nyembamba sawa unywele. Nikafunga munyororo, na yulu yake nikafunga mupira, batu basione."

Niliuweka muhogo chini.

"Na ukaendelea kuendesha?"

"Nilikuwa naendesha mwenye kusimama. Ikikatika, naruka upande wa kilima."

Kumbe ndiyo yale magoti. Siku tatu, mwanaume wa miaka sitini na zaidi, amesimama juu ya trekta linalotikisika kama mtu anayetikiswa na homa, tayari kuruka.

"Ju ya nini, yaya? Ju ya nini hukuniita?"

"Nikisimamisha trekta siku ya kwanza, bataniuliza nani alisude. Nitasema nani? Uko na jina kule Butembo, petit. Jina ile tulitafuta miaka mingi."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kulia. Nilimwambia kwamba jina langu halina thamani ya mguu wake mmoja, kwamba yeye ni mjinga, mzee mjinga, na kwamba kama angekufa ningebaki na jina hilo nikilifanyia nini. Nilisema mengi. Alikula muhogo wake akiniacha nimalize, kama alivyokuwa akifanya nikirudi shuleni na hasira. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote:

"Na wewe, ulisikia ile tik. Mbona ulinyamaza?"

Nikamtazama.

"Ndoo ilikuwa mu mikono yangu," akasema. "Mi pia nilisikia."

Chini yetu kijito kilikuwa kinapita na matope ya barabara yetu. Nilifikiria mluzi wake ule wa wimbo wa kanisani, nikaelewa kwamba alikuwa anaupiga ili nisijue kwamba amesikia. Yeye alidhani akisema, ataniaibisha. Mimi nilidhani nikisema, nitamharibia siku yake nzuri. Basi tuliupaka ule ufa rangi ya bluu, wawili pamoja, tukaupeleka kanisani.

"Nimechoka, yaya," nikamwambia.

"Mi pia," akasema. Akasimama kwa kujisukuma na mikono, akarudi kwa watu. Akasimama mbele ya yule mama shemasi akafungua mpira, kisha mnyororo, akaufuta ule mkono kwa shati lake, akawaonyesha ule mstari. Sasa haukuwa unywele tena. Ungeweza kupitisha ukucha. Akawaambia kwamba maji aliyamwaga yeye, kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba mdogo wake alimkataza. Nilifungua kinywa kusema kwamba sikumkataza vya kutosha, akanitazama, nikafunga kinywa.

Mama shemasi aliinama akaugusa ufa kwa kidole. Nilijiandaa kwa mahubiri.

"Fundi, unahitaji nini?" akauliza.

"Makaa. Na majivu. Majivu mingi."

Alasiri hiyohiyo fundi mwenzangu wa mjini aliniazima mashine na jenereta, vikaja kwa pikipiki mbili juu ya barabara ile mpya, na sikuweza kutofurahi vilipofika bila kuanguka. Niliukata mkono wa kulia. Wengine walitazama pembeni. Nikausaga mpaka chuma safi, nikauweka juu ya makaa mpaka mate niliyoyadondosha yakarukaruka juu yake, nikalehemu polepole, nikipumzika, nikirudi, na mkono wangu haukutetemeka. Nilipovua kofia, akina mama walikuwa wamepanga mstari na mabeseni ya jivu kutoka jiko la kila nyumba. Jivu la maharagwe, jivu la sombe, yale majani ya muhogo, jivu la pombe ya ndizi pia, nadhani, ingawa wao ni watu wa kanisa. Tukaufukia mkono hadi ukawa kama kichuguu kidogo, na shemeji akaweka bati juu yake kwa ajili ya mvua.

"Tunaita pasta leo?" mama shemasi akauliza.

"Hapana," kaka akasema. "Tutaomba kesho, ikiisha poa."

Asubuhi tulifukua. Mkono ulikuwa bado na uvuguvugu, kama yai lililotoka sasa hivi. Nikampa kaka nyundo. Alisita, kisha akapiga mara moja, kwa nguvu zote, na chuma kikalia sauti ndefu, safi, iliyowafanya kuku wa jirani wakimbie. Akapiga tena. Nikaufunga mkono mahali pake. Rangi hatukupaka, mkebe ulikuwa umekwisha, na hakuna aliyeuliza. Pasta alikuja na viatu vya mpira, akaomba kifupi kwa sababu alikuwa na mazishi mahali pengine, akaweka kiganja juu ya chuma kile cheusi bila kuogopa kuchafuka.

Kisha kaka akapanda. Nilisimama mahali nilipoweza kumwona vizuri, ubavuni mwa kilima. Mashine ikakohoa, ikashika. Bamba likashuka, likauma udongo. Trekta likavuta.

Kaka aligeuza kichwa, akautazama mkono wa kulia, akanitazama mimi. Kisha akaketi.